Wimbo Mmoja, Bila Hotuba

Jumapili, 15 Februari 2026

Kwa kuwa nimekatazwa kusema, naandika. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya hotuba za mahari, lakini leo sina hotuba ya mtu yeyote, nina masaibu yangu tu.

Baada ya misa mke wangu Marie-Jeanne alinikalisha mezani, koti akiwa bado hajavua, akasema ameonana na Hadassa. Wanaonana kila mwezi, najua, na wao wanajua kwamba najua. Mimi binti yangu sijamsikia sauti kwa miaka miwili na miezi mitatu.

Niandike kisa chote mara moja nimalizane nacho. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 Hadassa alisema kuna kijana anataka kuja kujitambulisha nyumbani. Mjapani, anaitwa Ryohei Nishida, fundi baiskeli. Nikameza. Nikaita ndugu, sebule ikajaa, mjomba akatoka Liège na tai yake. Kengele ikalia, nikafungua mlango, kijana huyo amesimama kwenye ngazi peke yake. Peke yake! Kaboksi ka keki mkononi na bahasha juu yake. Kwetu Katanga mtu haendi kuomba binti kama anayekwenda kununua mkate. Anakuja na wazee wake, anakuja na msemaji. Na msemaji wa mahari katika jiji hili la Brussels ni nani? Ni mimi, Mathieu Mwamba. Nusu ya ndoa za watu wa Lubumbashi na Likasi hapa nimezifungua mimi kwa kinywa changu. Nikamwambia, kwa Kifaransa kizuri, arudi siku atakapokuwa na watu. Nikafunga mlango. Hadassa akainuka, akachukua koti lake, akamfuata. Keki zilibaki kwenye ngazi.

Sasa baba wa kijana anakuja Brussels mwishoni mwa Machi. Hajui Kifaransa wala Kiingereza. Anachopenda duniani ni karaoke. Basi Hadassa amekodi chumba, Jumamosi tarehe 28 Machi, saa tisa alasiri, kila mtu aimbe wimbo mmoja.

Marie-Jeanne alinipa maneno ya binti yangu kama alivyopewa: "Papa akipenda kukuya, akuye. Lakini hakuna discours. Ataimba wimbo moja ya Kijapani, juu ya kumuheshimia ule muzee. Akianza tu kuhutubia, tunatoka."

"Mimi niimbe?" nikasema. "Na Kijapani?"

"Bon, basi bakia nyumba."

Nina miaka hamsini na sita na mtoto mmoja. Kwaya ya parokia iliniondoa mwaka 2009, kwa upole, wakanipa kazi ya kupanga viti. Nikiharibu siku hiyo sitampata tena Hadassa. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Jumatatu, 16 Februari

Mvua. Nimepeleka mashuka kwenye hoteli saba karibu na Gare du Midi na sikusema na mtu zaidi ya bonjour.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimerudi kanisani na alama kwenye paji la uso, nikaketi jikoni, nikaandika kwenye simu: nyimbo rahisi za Kijapani za karaoke kwa wanaume wa makamo.

Nilidhani simu itanicheka. Kumbe zimetoka kurasa na kurasa! Wenzangu wapo. Huko Japani kuna wanaume wa umri wangu, wenye vipara vyao na matumbo yao, ambao wakisikia kuna sherehe ya kazini wanakosa usingizi kwa sababu watapewa maikrofoni. Na watu wema wamekaa wakawaandikia ushauri. Simu ilinitafsiria, na mimi nikaunakili kwa utii wa mtoto wa shule ya msingi. Chagua wimbo wa sauti ya chini. Chagua wa polepole. Chagua wenye kiitikio kinachorudi, ili ukipotea ujue pa kurudi. Chagua unaojulikana na wakubwa wako. Usichague wa vijana ili uonekane kijana. Usizidishe dakika nne.

Nilikaribia kulia, nikiri. Miaka miwili hakuna mtu aliyenipa ushauri bila kunilaumu.

Nikajaribu wa kwanza kwenye orodha, ambao simu ilisema unahusu theluji na mwanamke aliyeondoka. Mwanzo mzuri, chini, taratibu, nikajiona mwanamume. Kisha kiitikio kikapanda ngazi na kuniacha. Jirani wa chini akagonga dari yake kwa fagio.

Ijumaa, 20 Februari

Nyimbo nne. Hakuna.

Jumamosi, 21 Februari

Nimekwenda kwa Nassoro. Ni mtu wa Bujumbura, Buyenzi hasa, na miaka kumi na moja sasa anakata samaki kwenye mgahawa wa Kijapani. Mwenye mgahawa huwapeleka wafanyakazi wote kuimba kila Desemba, kwa hiyo Nassoro amekwisha kuaibika mara kumi na moja, anaijua kazi. Yuko kwenye mfungo. Alinikaribisha kwa midomo mikavu, akasikiliza nyimbo zangu tatu nilizozipenda, akaizima simu.

"Mathieu, wewe unachagua wimbo kama mtu anachagua kitambaa cha shati. Unaangalia uzuri."

"Niangalie nini?"

"Angalia kama utaumaliza. Wale hawakungojei uimbe vizuri. Ukianza, unamaliza, wanapiga makofi. C'est tout, basi. Ukikatika katikati, kila mtu anaona haya kwa ajili yako."

Akaniambia pia nisiogope lugha, kwamba mdomo wa Mswahili unakiweza Kijapani, maneno yanaishia kwa irabu kama yetu. Tukajaribu mmoja wa treni inayokwenda kaskazini. Mistari kumi na sita! Na kila mstari una mji wake. Tukajaribu wa mzee anayekunywa pombe peke yake, ambao ni mfupi, lakini Nassoro hakutaka kuuimba mwezi huu, na mimi sikutaka kumlazimisha. Saa kumi na mbili tukaacha ili afuturu. Mkewe, Rukiya, akanipa tende tatu. Nimerudi kwa miguu na sina wimbo.

Jumanne, 24 Februari

Nimeimba garini kutoka hoteli ya tatu hadi ya sita. Mhudumu wa mapokezi ameniuliza kama naumwa jino.

Jumapili, 1 Machi

Wiki nne zimebaki. Marie-Jeanne alikuwa anasonga bukari, mgongo wake kwangu, na mimi nilikuwa namtazama mgongo. Niliona nywele zimekuwa nyeupe nyuma ya shingo. Sijui zilianza lini.

Nikauliza, kama mtu asiyejali: "Ule kijana, watu wake bakoje?"

Mwiko ukasimama kwenye sufuria.

"Kijana gani?"

"Unajua."

"Mathieu, si weye ulisema ile jina isiingie tena humu ndani? Mbele ya ndugu zako bote. Minaheshimia. Miaka miwili minaheshimia."

Ningeweza kusema, basi leo naondoa katazo. Lilikuwa jambo la sentensi moja, na mimi ni mtu wa sentensi. Lakini kiburi changu kilinizuia, nikachukua sahani nikasema njaa inauma. Akaendelea kusonga.

Alhamisi, 5 Machi

Ndoto: nimesimama na maikrofoni na Hadassa ana miaka sita na analia. Sikumbuki wimbo.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeupata!

Ni wimbo wa bandari na mvua. Mwanamume amesimama gatini, meli imeondoka, basi, hakuna kingine kinachotokea. Sauti haipandi hata mara moja, inatembea chini kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha. Mistari minne tu, na inarudiwa mara tatu. Nassoro alipousikia alifumba macho akasema huu bosi wake huuimba kila mwaka, na wazee wote wa Kijapani huufuata kwa midomo. "Huu utaumaliza hata ukiwa na homa," akasema.

Na kuna jambo lingine, ambalo sikumwambia. Kati ya mzunguko wa pili na wa tatu kuna muziki mtupu. Hakuna maneno. Nimepima kwa saa: sekunde thelathini na moja.

Kwetu muziki mtupu hauachwi hivihivi. Mwimbaji wa Kongo akifika hapo hutupa majina. Anataja wakubwa waliopo, wake zao, watoto wao, anawaita mmoja mmoja waingie kucheza, na mtu akisikia jina lake ndani ya wimbo anainuka kitini hata kama goti lina maji. Huo ndio upande wangu. Kuimba siwezi, lakini kutaja watu kwa heshima, nani atanifundisha? Hadassa amekataza hotuba. Majina si hotuba.

Nimetoa ile bahasha. Ndiyo, niliiokota siku ile ndugu walipoondoka, na keki nikazitupa, na bahasha nikaificha kwenye droo ya soksi. Ndani kuna karatasi moja, imeandikwa kwa mkono safi mno, kila herufi imekaa kitako. Baba: Osamu Nishida. Mama: Kazue Nishida. Nyumbani: Niigata. Basi. Bila shaka Hadassa ndiye aliyemwambia kwamba kwetu mtu hujitambulisha kwa wazazi wake.

Nimeyafanyia mazoezi majina hayo jioni nzima, bafuni, bomba likiwa wazi. Yanakaa vizuri mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu Februari nimekula nikashiba.

Jumatano, 11 Machi

Sauti imekauka. Nimekunywa tangawizi, asali, na dawa ambayo mfamasia alisema ni ya watoto. Siku kumi na saba zimebaki na ninanong'ona. Nimempigia Hadassa simu, sijui ningesema nini kwa sauti hii. Haikupokelewa.

Jumatatu, 16 Machi

Sauti imerudi, mbovu kama zamani. Namshukuru Mungu.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Nimekula pilau kwa Nassoro. Nyumba imejaa, watoto wamevaa vipya, nikaimba wimbo wangu mbele ya watu na nikaumaliza, wakapiga makofi. Nilipofika kwenye muziki mtupu nikatupa majina, nikamtaja Nassoro, nikamtaja Rukiya, Rukiya akacheka akapungia leso. Nikajua nimeshinda.

Nassoro alinivuta pembeni. "Hilo la majina, liache. Wale sehemu hiyo wanatulia. Wanakunywa maji, wanangoja."

"Wao ni wao. Mimi nitawapa chetu."

Rukiya alikuwa anapanga sahani, akasema bila kugeuka: "Basi walau uliza kwanza, kaka Mathieu. Uliza kwa mkeo hao watu nyumbani kwao wakoje, nani yupo, nani hayupo."

Nikamwambia nimekwisha kujua, nina karatasi kwa mkono wa kijana mwenyewe.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Suti imetoka kwa dobi. Siwezi kula.

Jumamosi, 28 Machi

Naandika kwa sababu nisipoandika sijui nitafanya nini na mikono hii.

Chumba kiko Chaussée de Wavre, juu ya duka la vitenge. Hakina dirisha. Kochi jekundu, meza ya kioo, runinga kubwa. Hadassa alikuwa amesimama. Amekata nywele, amekuwa mtu mzima, ana mkunjo hapa kati ya nyusi ambao ni wa mama yangu. Akasema, "Bonjour papa." Nilitaka kumwaga kila kitu pale pale, na nikaukumbuka mkataba, nikajibu bonjour tu. Niliona ameshangaa kwamba nimeweza.

Mzee Nishida aliinuka. Nilikuwa nimemngoja mtu mkubwa, kumbe ni mfupi, suti ya kijivu, mikono ya mtu aliyefanya kazi ya mikono. Akainama, nami nikainama. Akaimba wa kwanza, macho yamefumbwa, bila kutikisika, na sikuelewa neno lakini niliona jinsi alivyoshika maikrofoni kwa mikono miwili. Kijana akaimba kitu cha haraka, wakacheka. Marie-Jeanne akaimba wimbo wa kanisa, mzee akapiga makofi sana.

Kisha mimi. Muziki wa bandari ulipoanza mzee aliinua kichwa, akanitazama, akasema kitu kwa mwanawe. Mzunguko wa kwanza nikaumaliza. Sikukosea hata neno. Wa pili, mzee alikuwa anaufuata kwa midomo, kidole chake kinapiga gotini. Na Hadassa, namwona hata sasa, Hadassa alikuwa ameweka kiganja mdomoni na macho yake yamejaa machozi, machozi mazuri. Laiti ningenyamaza hapo! Sekunde thelathini na moja tu za kunyamaza, mzunguko wa mwisho, kisha makofi. Leo ningekuwa na mtoto.

Nikatupa majina.

"Papa Osamu Nishida, muntu mukubwa ya Niigata!" Mzee akasikia jina lake, akashtuka, akatabasamu. "Ryohei, mutoto ya Osamu!" Kijana akainamisha kichwa. Nikapandisha sauti, nikanyoosha mkono kuelekea mlangoni, kama tunavyofanya kwa mwanamke wa heshima anayeingia ukumbini. "Na Maman Kazue! Maman Kazue, uko wapi? Tunakungojea! Ingia, maman, kuya ucheze!"

Mzee Nishida akageuka akautazama mlango.

Hakuelewa maneno yangu, alilisikia jina na kuuona mkono. Alikaa ameutazama mlango ule, tabasamu bado halijamtoka usoni, na mimi nikiwa nimenyoosha mkono. Kisha akamtazama mwanawe. Kijana alikuwa amejifunika uso. Muziki ukarudi kwenye maneno, na maneno yakaanza kubadilika rangi kwenye runinga, mstari baada ya mstari, na hakuna aliyeyaimba.

Hadassa alinishika mkono wa koti akanitoa mpaka kwenye ngazi.

"Ni nani alikuambia hii jina?"

"Karatasi. Bahasha yake..."

"Alikufa, papa! Mama yake alikufa! Ile siku alikuya kwetu, mama yake alikuwa na trente jours tu tangu akufe. Unasikia? Siku makumi tatu! Papa yake hakuweza hata kutoka mu nyumba. Juu ya ile alikuya peke yake. Mi nilimuambia angoje, ye akasema hapana, kwenu banapenda muntu akuye, nitaenda, nitamuelezea papa yako mi mwenyewe. Alikuwa na maneno yake yote mu kichwa. Na weye ukamufungia mulango!"

Akanisogelea.

"Na leo unamuita acheze. Mbele ya bwana yake. Nilikuomba kitu kimoja, papa. Kimoja! Usiseme. Weye hauwezi. Hata mu wimbo ya batu bengine unatafuta fasi ya kusema."

Nilitafuta neno. Naapa nilitafuta. Mimi ambaye nimepatanisha koo zilizotaka kupigana kwa viti, sikupata hata silabi. Alisubiri, nadhani alisubiri kweli, kisha akarudi ndani akafunga mlango taratibu. Nimetembea mpaka nyumbani Saint-Gilles na mvua yote imeniingia shingoni.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Sikwenda. Usiku wamesogeza saa mbele, na hata hivyo siku haikuisha.

Jumatano, 1 Aprili

"Ulijua," nimemwambia Marie-Jeanne.

"Nilijua. Nilienda na Hadassa kununua maua."

"Na haukuniambia."

"Uliniachia fasi gani ya kukuambia?" Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. "Na ile ya kutupa majina, ulinificha. Ungeniuliza hata ile asubuhi."

Mzee ameondoka Jumatatu. Hakusema chochote juu yangu, anasema Marie-Jeanne. Alimuuliza tu mwanawe, zaidi ya mara moja, kama yule papa alifika nyumbani salama, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na alimwona hana mwavuli.

Nilijifungia chooni nikalia kama mjinga.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimempigia Hadassa mara mbili. Nimeandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Mrefu zaidi, nikaufuta.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Marie-Jeanne aliweka sahani tatu. Hakuja mtu.

Jumatatu, 6 Aprili

Sikukuu, hakuna kazi. Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Yule kijana, kijana, fundi baiskeli: ndivyo nilivyomwita karibu kila mahali. Majuma saba sasa naandika juu ya binti yangu, juu ya mzee, juu ya koo langu, juu ya kiburi changu ambacho nimekipamba kama bibi harusi. Nimetafuta wimbo wa kumfurahisha baba, ili nimpate binti. Mtu niliyemfungia mlango sikumtafutia kitu. Hata samahani ya kupelekewa na mke wangu sikumtafutia.

Alikuwa amefiwa na mama yake, na mimi nilikuwa natazama kama amekuja na watu wangapi.

Jumanne, 7 Aprili

Naandika nyuma ya karatasi za kupelekea mashuka, nitanakili baadaye kama kutakuwa na baadaye.

Saa sita mchana nimeliacha gari mahali pasiporuhusiwa, nikaingia kwenye karakana yake ya baiskeli. Sikutayarisha neno. Nilijaribu jana, na kila nilichoandika kilianza na "Waheshimiwa", kwa namna yake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu, mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko. Akaniona. Akainuka polepole, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na nilidhani ananipa muda wa kuondoka.

Akasema: "Papa Mathieu. Karibu. Ikala."

Ikala! Si "keti", si "asseyez-vous". Ikala, kama anavyosema mama mkwe wangu wa Likasi, kama alivyosema Hadassa alipokuwa akiwapanga wanasesere wake. Nilikuwa nimeumeza wimbo wao kama dawa, sauti tupu, neno moja sikulijua maana yake. Huyu alikuwa amejifunza kusema nasi. Tangu lini? Labda tangu kabla ya siku ile. Labda yale maneno aliyokuja nayo kichwani yalikuwa kwa Kiswahili, na sikumwacha atoe hata moja.

Nikaketi kwenye kigoda. Nikafungua kinywa.

"Mama yako," nikasema.

Sentensi haikuendelea. Nilisukuma, nikasukuma tena, na kilichotoka si neno. Nimelia mbele ya mtu mwenye umri wa kuwa mwanangu, na kofia ya kazini kichwani, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua baiskeli yake akaamua kurudi nje.

Yeye hakunigusa wala hakuniambia ninyamaze. Alichutama karibu yangu, macho yake kwenye sakafu.

"Ile siku," akasema, "mi nilikuya kukuambia, papa."

Nikaitikia kwa kichwa kwamba najua. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo.

Baada ya muda akainuka, akachukua simu, akapiga. Hakwenda chumba kingine, aliweka spika nisikie.

"Papa yako iko hapa, ku atelier."

Sauti ya binti yangu, ndogo, ngumu: "Anasema nini?"

"Hasemi."

"Comment ça, hasemi? Papa? Hasemi kitu?"

"Hapana. Iko analia tu."

Nilisikia mlio wa kengele ya mlango wa mahali anapofanya kazi, na watu wakipita. Nilijua atakata. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu nikingoja akate.

"Muambie asitoke," akasema Hadassa. "Asiende fasi. Minakuya."

Ryohei ameniletea chai na karatasi ya kufutia uso, kisha amerudi kwenye gurudumu lake. Kutoka kazini kwake mpaka hapa ni tramu ya dakika ishirini na tano. Zimepita kumi na nane. Sijui nitamwambia nini akifika.